Kona Isiyotiwa Plastiki

Siku hizi hakuna kinitoacho nyumbani ila kifo, na hata hicho nauliza kwanza kama ni cha mtu wa karibu. Habari ya Bi Salama iliponifikia nilikuwa barazani napeta mchele, miguu nimeinyoosha, na sikuuliza kitu. Niliuweka ungo chini, nikavaa buibui, nikavuka feri, mimi ambaye wajukuu hunicheka kwamba nikifika ng'ambo hutaka kupigiwa vigelegele. Kufika Mtopanga wanawake walikuwa wamejaa mikekani, Yasini zasomwa, kijana wa kike apitisha kahawa. Nilikwenda kulia, wallahi, lakini macho yalinitangulia ukutani. Kilikuwapo. Katikati ya picha ya Kaaba na saa iliyokufa zamani, ndani ya fremu yake, cheti cha Bi Salama kilikuwa kinanitazama. Nikainamisha kichwa upesi, kama mtoto aliyeona kiboko. Sikuthubutu kuitazama kona ya chini, ya kulia. Miaka yote hiyo imepita, nimezaa, nimezika, meno yamebaki ya mbele tu kwa ajili ya kucheka watu, na bado nilikiogopa kama mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na mpango wowote, kazi ambayo niliifanya kwa bidii. Nilikaa kwa Shangazi Mishi, Bofu, kule Likoni, katika nyumba ya ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku na ua nyuma. Wenzangu walitoka kutafuta kazi mjini. Mimi nilitoka chumbani kwenda ukumbini. Ndipo nikapata jina la Bi Ndani. Shangazi akasema, "Huyu akiolewa itabidi bwana ahamie hapa, maana kumtoa ni kazi ya winchi." Basi kazi, ilipoona siifuati, ikanifuata. Vyumba viwili vya mbele vilipangishwa na watu watatu walioleta meza, taipureta, ramani na mabomba ya plastiki, wakabandika mlangoni karatasi iliyosema wao ni washauri wa mazingira. Bofu nzima haikujua hiyo ni kazi gani. Majirani walipouliza, Shangazi aliwajibu, "Ni watu wasomao matope."

Hakuwa mbali na kweli. Wakati ule kwetu sheria ya mambo hayo ilikuwa bado haijatungwa, lakini wakopeshaji wa ng'ambo walikuwa wameanza kuwa na wasiwasi. Mtu akitaka mkopo wao ajenge kitu kikubwa ufukoni, aliambiwa kwanza alete wataalamu waseme maji yatakuwaje, mikoko itakuwaje, na watu wavuao hapo watakula nini. Mkubwa wa wataalamu wetu alikuwa Bwana Nzai, mhandisi wa maji, mtu wa Kaloleni, Mkristo aliyeombea chai kabla ya kuinywa na akaishukuru baada. Wa pili alikuwa Njoroge, mpimaji ardhi kutoka bara, kijana wa miguu mirefu ambaye Kiswahili chake Shangazi alikisikiza kama redio yenye mawimbi mabaya. Wa tatu alikuwa Bi Salama, mkemia. Na mimi wakaniajiri kupiga taipu, kwa sababu nilikuwa karibu na nilijua kupiga kwa vidole viwili na imani.

Nilianza kuogopa siku ya kwanza. Friji ya Shangazi ilikuwa moja, na mkataba ulisema wapangaji wataitumia. Basi chupa za maji ya bandarini, yaliyochotwa karibu na Kipevu penye mafuta na taka, zikakaa rafu moja na ukwaju wetu. Bi Salama aliziandika zake kwa karatasi nyeupe. Shangazi hakuandika zake, akisema ajuaye kusoma na asome rangi. Mchana mmoja wa joto Njoroge aliingia, akafungua friji, akainua chupa akanywa hadi nusu, kisha akauliza, "Aisee, hii ni juisi ama ni sampuli?" Tukatazamana. Bi Salama akaichukua, akanusa, akaishika mbele ya dirisha, kisha akasema, "Ni ukwaju. Lakini kaa hapo, nikuangalie." Njoroge alikaa akiangaliwa mpaka alasiri, jasho lamtoka, na mimi nikitoka jasho pamoja naye, kwa sababu aliyepanga chupa nilikuwa mimi.

Hivyo ndivyo nilivyomwogopa Bi Salama. Hakuwa mkali. Mkali wamjua atakapofika, waweza kujitayarisha. Yeye alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, mzaliwa wa Likoni hii hii, avaaye koti jeupe juu ya dera, na alikuwa na tabia ya kunyamaza kabla ya kujibu, akikutazama kama unabadilika rangi. Alikuwa amesomea Yugoslavia, miaka mingi, kwenye theluji, na mwaka ule nchi yenyewe ilikuwa yavunjika vipande vipande. Wakati wa chakula redio ilipotaja habari za huko aliinua mkono, nasi tukaacha vijiko hewani. Mkononi mwake mlikuwa na tonge la wali wa nazi, halifiki mdomoni. Siku moja walitaja mji aliosomea. Aliliteremsha tonge sahanini, akasema taratibu, "Pale palikuwa na maktaba. Chini yake wakiuza mikate." Shangazi akamsogezea samaki wa kupaka, akasema, "Kula, mwanangu. Wafu wao si wako." Bi Salama akajibu, "Walimu wangu ni wangu, Bi Mishi."

Alikuwa ameuzunguka mji huu na cheti chake mara nyingi akitafuta kazi. Niliyasikia hayo nikiwa nyuma ya taipureta, maana mtu akikaa kimya nyuma ya taipureta watu humwona kama sehemu yake. Alimsimulia Bwana Nzai jinsi ofisi moja ilivyokigeuza juu chini ikamwuliza hiyo ni lugha ya wapi. Jinsi nyingine ilivyomwambia mkemia wao wa mwanzo alikuwa mwanamume na meza ilipimwa kwa kimo chake. Jinsi bwana mmoja alivyotaka kuandika barua chuoni kuuliza kama kweli alisoma. "Na nilimwambia aandike," akasema. "Enzi zile posta ilikuwa yafika. Sasa aandikie nani? Nani atafungua mlango?"

Kisha ikaja kazi ile kubwa. Kampuni fulani ilitaka kujenga bohari la mafuta ukingoni mwa ghuba, mkopeshaji akataka timu ya kupima athari, na timu kadhaa zikaomba. Bwana Nzai alituita mezani, akaombea, akasema, "Jamani, nimekwenda kuuliza. Kazi hii haitaki werevu wetu. Yataka vyeti. Mhandisi mmoja, mpimaji mmoja, mkemia mmoja, kila mtu na cheti chake chenyewe, si nakala. Kuna afisa Changamwe atavikagua Jumatatu. Pakikosekana kimoja, timu nzima yatoka." Njoroge akauliza, "Na tukitoka?" Bwana Nzai akaitazama kalenda ukutani. "Tukitoka, ndugu yangu, mimi narudi Kaloleni kulima. Kodi ya mwezi ujao sina." Wote wakatoa vyeti vyao. Bi Salama alikileta chake kimefungwa ndani ya leso, akaikunjua leso pembe kwa pembe kama anayefunua uso wa mtoto mchanga. Kilikuwa karatasi kubwa, nene, yenye maandishi ya wino wa kalamu yaliyopindapinda kwa madaha, na chini kulia palikuwa na muhuri wa kuminywa, usio na rangi, uliotokeza juu ya karatasi hata ukiupapasa waujua. "Hii ndiyo iliyobaki ya kule," akasema. Akaniangalia mimi. "Vitunze mpaka Jumatatu, Bi Ndani."

"Abee," nikasema, nikavipokea kwa mikono miwili.

Asiyekaa Likoni hawezi kujua karatasi hupitia nini hapa. Chumvi ya bahari yaingia hata kabatini. Mvua ya masika ikianza, madaftari huvimba kama mahamri, na vile vidudu vyeupe viendavyo kwa haraka hutoka sijui wapi vikala gundi, vikala kingo, vikala maandishi. Cheti changu mwenyewe cha kidato cha nne kilikuwa kimeliwa na mende upande wa alama, jambo nililolichukulia kuwa rehema, maana walibakisha jina. Sasa mimi, niliyeshindwa kulinda alama zangu duni, nikapewa kulinda elimu ya watu watatu. Na masika yenyewe yalikuwa yameanza. Niliviweka vyeti kabatini, nikasikia kwaruzo. Nikavihamishia sandukuni, nikanusa unyevu. Nikavilaza chini ya godoro, nikaota navilalia vikivunjika mbavu. Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa nimekonda.

Hapo nikakumbuka kwamba kule karibu na feri kijana mmoja alikuwa amefungua duka la kupiga nakala, na alikuwa ameleta mashine mpya ya kutia karatasi ndani ya plastiki. Laminesheni, aliita. Mji mzima ulikuwa waikimbilia. Watu walitia plastiki vyeti vya ndoa, vyeti vya kuzaliwa, hata dua za kutundika mlangoni. Plastiki ilikuwa yang'aa, haipenyi maji, haipenyi mende. Nikajisifu kichwani: Bi Ndani, nani alisema huna akili? Nikatoka nyumbani, peke yangu, bila kutumwa na mtu. Hilo peke yake lingetosha kunionya.

Kijana wa duka akaniuliza tuanze na kipi. Nikachagua kile kizuri zaidi. Akakiweka kati ya ngozi mbili za plastiki, akakiingiza mdomoni mwa mashine, nayo ikaanza kukimeza kwa mlio wa paka aliyeshiba. Ilikuwa imebaki kona moja tu nje, nami natabasamu, stima ikapotea. Feni ikasimama. Mashine ikanyamaza na cheti cha Bi Salama kinywani. "Itarudi," kijana akasema. Haikurudi. Harufu ya moto ikaanza kutoka. Nikapiga ukelele, yeye akafungua kifuniko, akavuta, mimi nikimvuta yeye, mpaka kikatoka: juu kimeshikwa kama jiwe, chini kona ya muhuri plastiki zapepea wazi. Mwenye akili angesimama hapo. Sisi tulikwenda kwa fundi cherehani wa jirani, tukaazima pasi ya makaa, kijana akakunja kitambaa mara kadhaa akaipiga ile kona mpaka ikashika. Katikati pakafura lengelenge kubwa kiasi cha yai la kuku. "Hilo hupungua," akaniambia. Nikamwamini. Vile vyeti vingine viwili vilinusurika kwa sababu ya ile stima tu, na tangu siku ile sijawahi kuitukana stima ikipotea.

Niliwakuta wakila. Ilikuwa mbaazi za nazi na mahamri yaliyobaki ya asubuhi, Shangazi yu kichwani mwa meza. Nikakitoa kama mwali atolewavyo ndani, nikakiinua kiwake. "Tazameni! Sasa hata feri izame nacho, kitaelea!" Nilingoja sifa. Njoroge akasema polepole, "Wewe. Hapana. Hii sasa ni noma." Bwana Nzai aliufunika uso kwa viganja, na safari hii hakuwa anaombea chakula. Ni yeye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, kama mtu aongeaye na mgonjwa: yule afisa wa Changamwe hasomi vyeti, hupapasa muhuri kwa kidole gumba. Waghushi wamezidi, nakala za rangi zimeanza, na cheti chochote kilichotiwa plastiki yeye hukirudisha bila kufungua mdomo. Timu moja ilikuwa imetolewa wiki ile ile kwa sababu hiyo.

Nikamtazama Bi Salama. Alikuwa anakitazama cheti. Alinyamaza kwa namna yake, na mimi nikajiona nabadilika rangi kweli, kutoka nyeusi kwenda kijivu kwenda kitu kisicho na jina. Laiti angelinipiga. Laiti angelinitukana kwa Kiyugoslavia. Alisema tu, "Nipitishie kachumbari," akala, akanawa mikono, akaenda kuswali adhuhuri yake chumbani. Nilifikiria kutoroka. Lakini mtu wa ndani atorokee wapi? Nikaenda jikoni. Shangazi akanifuata, akaniona nimekaa kwenye kibao cha mbuzi nalia juu ya kifuu, akasema, "Lia, lakini kuna nazi, ikune huku walia." Kupitia dirishani niliwasikia wanaume wawili uani. Njoroge alikuwa akisema tutafute mkemia mwingine wikendi hii. Bwana Nzai akamjibu, "Yuko wapi? Na ukimpata, huyu utamwambia nini? Kwamba hata sisi hatumtambui?" Hapo ndipo hofu yangu ilipobadilika. Mpaka saa ile nilikuwa naogopa kugombezwa. Baada ya hapo niliogopa jambo lenyewe: kwamba nchi ile imekufa, walimu wamekufa au wamekimbia, na ushahidi wa mwisho kwamba Salama binti Hamisi wa Likoni aliwahi kukaa miaka ile kwenye theluji akasoma, nimeufungia ndani ya mfuko kama barafu ya ukwaju.

Alipotoka kuswali alikuja moja kwa moja jikoni. Nikainuka. "Cheti chako kiko wapi?" akauliza.

"Changu, Bi? Cha kidato cha nne?"

"Una kingine?"

Nikamletea. Alikigeuza, akaona kazi ya mende, na kwa mara ya kwanza siku ile pembe ya mdomo wake ikacheza. "Wino wake ni wa kalamu?" Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino, na mkuu wa shule alikuwa ametia sahihi, nikamwambia naam. "Basi rudi kwa yule bingwa wako. Stima imerudi. Akitie plastiki." Sikuelewa, lakini sikuwa katika hali ya kuuliza. Nilikimbia. Bofu ilisimama kuniangalia. Watu hawakuwa wamewahi kuniona nikienda mbio, wala nikitoka mara mbili siku moja.

Niliporudi ua ulikuwa umegeuzwa. Jiko la makaa limezimwa na kutolewa nje, na Shangazi asimama mlangoni mikono kiunoni. "Mwaniua kwa njaa kwa ajili ya karatasi?" Bi Salama akamwambia, "Bi Mishi, pakiwa na moto hapa leo tutakufa kwa kushiba." Mezani alikuwa amepanga vikombe vya kahawa, kimoja kina mafuta ya taa, kimoja spiriti, kimoja dawa ya kutoa rangi ya kucha, na kimoja petroli ambayo Njoroge aliivuta kwa mpira kutoka gari la Bwana Nzai, na bado alikuwa atema mate. Bi Salama alikikata ukingo cheti changu kwa wembe, akazungushia pamba njiti ya chelewa, akachovya spiriti, akaipenyeza kati ya plastiki na karatasi. Tukainama wote. Plastiki ikaanza kulegea. Na chini yake jina langu, lile walilonibakishia mende, likageuka zambarau, likatapakaa, likaondoka.

"Spiriti hapana," akasema Bi Salama.

"Pole, Bi Ndani," akasema Njoroge. "Sasa huna hata jina."

Alijaribu vikombe vyote, taratibu, kila kimoja na upande wake. Dawa ya kucha ilikula sahihi ya mkuu wa shule. Mafuta ya taa yaliacha doa kama la sambusa. Petroli ndiyo iliyoteleza ndani kama mgeni mwenye adabu, ikalegeza gundi, ikaruka hewani bila kugusa wino wa jina la shule. Akairudia mara kadhaa mpaka aliporidhika. Halafu akafuta mikono, akakivuta cheti chake mwenyewe. "Yote hatuwezi," akasema. "Juu mashine imekishika barabara, karatasi itachanika. Lakini kona hii ya pasi imeshikwa kijinga. Kona yatutosha. Kishike."

"Mimi?"

"Njoroge ana mikono ya kupima mashamba. Wewe shika."

Nimezaa watoto, na wawili kati yao walikuja vibaya, lakini sijawahi kushika kitu kwa hofu kama ile. Niliweka viganja juu ya ile karatasi iliyotoka kwenye vita, mbele ya macho yangu wembe ukapita ukingoni, njiti ikaingia. Tone. Akangoja. Tone. Harufu ya petroli ilinipanda kichwani. "Karatasi yatetemeka," akasema bila kuinua macho.

"Si karatasi, Bi. Ni mikono."

"Basi iambie mikono kwamba mimi pia naogopa, na yangu haitetemeki."

Kusikia kwamba na yeye anaogopa kulinitisha kuliko yote. Nilikuwa nimedhani kati yetu yuko mtu mmoja ajuaye mwisho wake. Ngozi ya mbele iliinuka kidogo kidogo, kama gamba la jicho la samaki aliyechemshwa. Akakigeuza, akafanya ya nyuma. Akakata kwa mkasi pande zote mbili, plastiki ile yenye pembe tatu ikadondoka mezani. Muhuri ukabaki uchi, haukuwa umelala. Kile kitambaa kilichokunjwa kilikuwa kimeuhifadhi. Bi Salama aliugusa kwa kidole kimoja, akafumba macho, na nikajua hayupo Bofu. Shangazi akauliza: "Sasa naweza kuwasha jiko, au kuna kingine cha kuzaliwa?"

Jumatatu tulikwenda Changamwe, na mimi nikatakiwa niende, kubeba bahasha. Kwenye feri nilisimama katikati kabisa, mbali na maji pande zote, nimeikumbatia bahasha hata watu wakanipisha wakidhani naumwa. Ofisi ya afisa ilikuwa ghorofani, na malori yaelekeayo Kipevu yalipopita madirisha yalitetemeka, nikaona walau si mimi peke yangu. Alikuwa mtu mnene wa kope nzito. Cha Bwana Nzai alikipapasa, akakisogeza kushoto. Cha Njoroge vilevile. Alipokishika cha tatu kope zake zikainuka. Akakinusa.

"Mbona hiki chanuka petroli?"

Nikasikia roho ikitafuta mlango. Bi Salama akamjibu kama anayeulizwa saa. "Kilitiwa plastiki. Nimeitoa pale penye muhuri upate kuugusa."

"Nani aliyetia cheti cha asili plastiki?"

Bwana Nzai akakohoa. Njoroge akatazama dari. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo, na nina hakika kilichokuwa kikitoka si maneno, Bi Salama alipotangulia. "Sisi watu wa Likoni, bwana, twaogopa unyevu kuliko polisi."

Afisa hakucheka. "Na kwa nini petroli? Ofisi zote hutumia spiriti kufutia."

"Spiriti ingekula wino." Akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka. "Bahasha." Sikujua alikuwa amekitia humo. Akakitoa cheti changu, chenye kazi ya mende upande mmoja na ya kemia pande zilizobaki, akakiweka mbele ya bwana yule. "Tulijaribu hapa kwanza. Hii spiriti. Hii dawa ya kucha. Hii mafuta ya taa. Na hapa petroli, tazama, herufi zi salama."

Afisa alikitazama muda mrefu. "Na hiki ni cha nani? Hakina jina."

"Ni cha msaidizi wangu wa maabara," akasema Bi Salama. "Jina alilitoa kwa ajili ya kazi."

Kope nzito zikanigeukia. Sijui aliona nini. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yake. Kisha akarudi kwenye kile kikubwa, akaweka kidole gumba juu ya kona, akafumba macho, akapapasa taratibu, mduara mzima. Lori likapita. Dirisha likatetemeka. Akakisogeza kushoto.

Tuliipata kazi, na mwaka mzima uliobaki niliutumia matopeni, buti hadi magotini, nikishika chupa na kuziandika, nikiogopa kaa, nikiogopa maji yakijaa, nikiogopa kukosea namba. Naambiwa nilikuwa hodari. Timu ile baadaye ilitawanyika kama timu zote. Mimi nikaolewa na mtu wa nyumba ya tatu kutoka kwa Shangazi, kwa hiyo winchi haikuhitajika. Sheria ya mazingira nayo ikaja, na siku hizi nasikia wataalamu huandikishwa na kupewa namba, na nafikiri ni vizuri, ingawa sijui namba hupapaswaje.

Yasini zilipokwisha na watu wakaanza kupangusa magoti, binti wa Bi Salama akaja kukaa kando yangu. Ana urefu wa mamake, na kile kimya. "Wewe ndiye Bi Ndani," akasema, hakuuliza. Akanishika mkono kuniinua, akanipeleka mpaka ukutani, na sikuwa na pa kukimbilia. "Mama hakutaka kitolewe hapa hata nyumba ikipakwa chokaa. Tazama." Nikatazama. Ndani ya plastiki karatasi ilikuwa nyeupe kama siku ile ya leso, maandishi yapinda kwa madaha yale yale, na lengelenge langu lipo katikati, halikupungua. Lakini ile kona, kona tuliyoiokoa, haikuwapo. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai, imetobolewatobolewa, imeliwa, na palipokuwa na muhuri palibaki tundu ambalo kupitia kwake uliuona ukuta.

"Vidudu," akasema binti. "Waligusa hapo tu. Mama alipogundua alicheka mpaka akakaa chini. Kila mgeni akiuliza alimwambia: Bi Ndani alisema kweli, na sisi wasomi tukamkatalia."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia, ndani ya nyumba ya msiba, kikubwa, chenye meno yangu yote machache. Wanawake wakageuka. Nikajifunika uso kwa buibui, na humo ndani, gizani, ndipo nilipomlilia. Binti alidhani nataka kukigusa, akafungua fremu, akanisogezea. "Kishike, Bi Ndani."

Nikaificha mikono nyuma.